Fungate na Kiti cha Piano

Ijumaa, 18 Aprili 2025

Mimi ni mke wa mtu! Nimeandika hivyo makusudi, nikayatazama maandishi yangu, nikacheka peke yangu. Mke wa Suhail Mmanga. Alhamdulillah, alhamdulillah.

Amelala hapa ubavuni kwangu. Aliporudi kuswali Ijumaa Mama alimkalisha kwa boko boko, sahani ya kwanza akala kwa njaa, ya pili kwa adabu. Sasa hajijui. Vidole vyake vinachezacheza juu ya shuka — anapiga piano usingizini! Nimepenyeza mkono wangu chini yake, vikaendelea kupiga hapo hapo kiganjani. Wimbo gani sijui. Nimeupenda.

Ndoa ilifungwa jana baada ya laasiri. Nilikuwa chumbani nimefunikwa gubigubi, nikasikia vigelegele huko chini, nikajua ishakuwa. Nikalia. Wanja ukachuruzika. Bi Sichana, somo yangu, kungwi wa harusi, akanikaripia: machozi ya furaha yasubiri nimwone mume kwanza, isije ikawa nimeyapoteza. Kaja kutoka Makunduchi na mikoba yake, uso mkavu, hacheki hata kidogo, na kila asemalo chumba kizima kinaangua kicheko.

Basi tumeanza fungate, hapa hapa kwetu Vuga, chumba cha darini. Mama ameshatoa sheria yake: bwana harusi hatoki ila kwa swala, mpaka siku saba zitimie. Kwao Mama wanasema mwanamume anayeikatiza fungate mguu wake huzoea mlango. Suhail akaitika, naam Mama, kwa unyenyekevu ule wake. Halafu akanikonyeza.

Siku saba bila ya kazi, bila ya mtu. Ya Rabi, nishukuru vipi?


Jumapili, 20 Aprili

Tumeletewa mkate wa kumimina, supu ya kuku, halua, na chai ya tangawizi, vyote kwa mpigo, kama kwamba tunanenepeshwa kwa Idi. Suhail anasema akitoka humu hataweza kufikia kinanda, tumbo litafika kwanza.

Leo nimemuuliza anieleze kazi yake vizuri. Nnajua anapiga piano kwenye bendi ya Khelef, muziki wa jazi, juu ya paa la hoteli kule Shangani. Lakini sijawahi kumsikia akiwa kazini! Mama hakuwa mtu wa kumruhusu bintiye kwenda hotelini. Mimi Suhail nilimjulia dukani. Alikuwa akija kila wiki duka la ami yangu Abdulwahid kununua mafuta mazuri ya asumini, ya kike, na mimi nikamchukia kwa kuwa na mke. Kumbe ni ya Bi Badria, mwimbaji wao. Bi Badria haimbi mpaka ajipake asumini, na akisahau chupa nyumbani, Suhail hutoa ya akiba mfukoni. Nilipolijua hilo ndipo nilipompenda. Nikaanza kumjazia chupa mpaka shingoni.

Amenieleza hivi. Yeye si mwenye bendi. Anawapigia wenziwe. Kaanza na kinanda cha taarabu kwa mjomba wake huko Mkokotoni, akaja mjini, akasikia mgeni mmoja akipiga jazi kwenye piano mbovu ya hoteli, akasimama dirishani mpaka mlinzi akamfukuza. Kesho yake akarudi. Tangu hapo kapiga nyuma ya kila mtu: waimbaji wa hapa, wa Dar, Mfaransa mmoja mlevi, bibi mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiimba amefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lake halijawahi kuandikwa kwenye bango. Nikauliza, huumii? Akafikiri kweli kweli. Akasema yeye anapenda kukaa pale nyuma kwa sababu anawaona wote.

Nimempenda zaidi. Nilidhani imeshafika mwisho, kumbe kuna zaidi.


Jumatatu, 21 Aprili

Leo pamekuwa na zogo.

Khelef kaja baada ya adhuhuri. Ndiye mkubwa wa bendi, mpiga saksafoni, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Mama kampokea ukumbini. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nimejibanza, kwa hivyo nimesikia yote.

Wageni kutoka Denmaki, watu wanaoandaa matamasha, walikuwa waje mwezi ujao. Wamekuja sasa! Wanaondoka keshokutwa. Wataisikiliza bendi kesho laasiri, na wakiridhika watawachukua wote Ulaya kuanzia Juni mpaka Septemba. Miezi minne ya kupiga mji kwa mji. Khelef alikuwa akihema. Akaomba apewe Suhail kwa muda mfupi tu, atamrudisha kabla ya magharibi, atamleta mwenyewe kwa mkono.

Mama hakupandisha sauti. Akasema, "Kazi zipo kila siku, Khelef. Fungate ya mwanangu ni moja."

Khelef akasema kwa mzaha basi ataileta piano humu. Mama akamwambia ajaribu, mlango auone mwenyewe.

Suhail alikuwa amekaa baina yao. Nilitamani nishuke nimwambie nenda! Lakini bi harusi hashuki mbele ya mgeni, na kusema kweli miguu yangu nayo haikutaka kushuka. Nilisikia Suhail anasema, polepole, "Mama ashasema. Mchukue Mudrik, nyimbo zote anazijua."

Khelef akamwita hadi nje barazani. Dirisha la darini liko juu yake pale pale. "Yakhe, unajua unachokisema?" akamuuliza. "Kiti ukikiacha kikapoa, hupata mwenyewe mwingine."

Suhail akacheka tu, akampa salamu ampelekee Bi Badria.

Alipopanda juu nikamuuliza kwa nini hakubishana na Mama. Akasema, "Nimewapigia watu harusi zao miaka yote, Tahiya. Hii yangu."

Nimemkumbatia mpaka Bi Sichana kagonga mlango na trei ya chai.


Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi nzima Suhail na Mudrik kwenye simu. Mudrik anafundisha piano watoto hapa mjini, hupokea kazi ya Suhail akiumwa. Suhail alikuwa akimwimbia, huku anagonga meza ya kitanda: hapa Bi Badria anavuta pumzi, usiingie, hapa anapenda kurudia mstari, usimkimbize, Khelef akinyanyua bega la kushoto maana yake wimbo unakwisha. Nikafikiri, huyu anampa mtu nguo zake na kumfunga vishikizo!

Laasiri tukapanda juu ya paa, baina ya shuka zilizoanikwa na ungo wa Mama wa pilipili. Kutoka kwetu hadi Shangani si mbali, na upepo ulikuwa upande wetu. Muziki ukawa unakuja na kupotea, unakuja na kupotea. Sauti ya kike ilipopanda nikajua mara moja ni Bi Badria. Suhail kafumba macho. Akawa ananong'ona, sasa... ngoja... sasa. Kuna pahala Khelef kanyamaza na piano ikabaki peke yake, ikakimbia, ikapanda, ikashuka kama mvua ya vuli, halafu makofi. Makofi marefu!

Suhail naye akapiga makofi. Juu ya paa letu, peke yake, mbele ya pilipili za Mama. "Ahsante, Mudrik," akasema.

Nani hufanya hivyo? Nani jamani? Nimejishika nisilie.


Jumatano, 23 Aprili

Wamekubaliwa. Wote watakwenda. Khelef kapiga simu mwenyewe, sauti yake chini, haikuwa sauti ya mtu mwenye furaha. Wageni wameipenda bendi kama walivyoisikia, na katika waliowataja kwa jina yumo mpiga piano. Mudrik.

Suhail kasema hongereni. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Kisha kaenda kutia udhu na akakaa huko muda mrefu, maji yanamwagika.

Mama hajanitazama leo.


Ijumaa, 25 Aprili

Nyumba yangu! Vyumba viwili na jiko, ghorofa ya pili, Kikwajuni. Dirisha moja linatazama mwembe wa jirani na jingine linatazama dirisha la jirani mwenyewe. Nimetundika mapazia ya kijani. Kinanda chake cha umeme kimepata nafasi ukumbini, kimekalia pahala pa kabati la vyombo, na vyombo vyangu viko chini ya kitanda. Sijali! Nitakuwa mke wa kwanza kula kwenye sahani zinazotoka chini ya kitanda, nimshukuru Mungu kwa kila moja.

Tumetolewa fungateni jana, Mama kalia. Bi Sichana akamwambia asimlilie mtu anayehamia Kikwajuni, ataziona mpaka nguo anazoanika.

Suhail katoka mara ya kwanza leo, kaenda kwa Khelef. Karudi na ndizi na samaki, akaviweka chini, akakaa. Hawakugombana. Khelef kamwambia wazi kwamba hawezi kuwabadilishia wageni mtu waliyempenda, na kwamba roho inamuuma. Suhail kamwambia isimuume. Jumamosi za hoteli nazo zimepewa Mudrik, ili wazoeane kabla ya safari.

Kwa hivyo basi. Kiti kimeondoka. Miaka saba na bendi ile, tangu ilipokuwa na ngoma moja na saksafoni iliyofungwa kwa utepe.

Ananiambia zipo harusi, zipo hoteli nyingine, kuna waimbaji wapya. Nnamwamini. Lakini alipokuwa akipara samaki nilimwona amesimama na kisu mkononi, hapari, anatazama ukuta. Na nnajua kwamba amekipoteza kiti kile kwa ajili yangu, mimi nikiwa juu ya ngazi nimenyamaza.


Jumamosi, 3 Mei

NIMEMSIKIA!

Kulikuwa na harusi Chwaka, kikundi cha taarabu kilitaka mtu wa kinanda, nami kwa kuwa sasa ni mke nimekwenda kama mke wa mpigaji. Nimekaa mbele kabisa na wanawake. Nimejitia udi mpaka jirani yangu kapiga chafya.

Mwimbaji alikuwa msichana anaitwa Hamda, mara yake ya kwanza kuimba mbele za watu. Mikono ilikuwa imegandia kipaza sauti. Ubeti wa kwanza kaimba vizuri. Kisha akaruka. Badala ya wa pili kaingia wa tatu! Mimi wimbo nnaujua, nikaona mpiga fidla kamkodolea macho mwenziwe, huyu anakwenda huku, yule kule, nikasema leo aibu. Suhail hakunyanyua hata kichwa. Mkono wake wa kushoto ukatia sauti moja nzito, akaishikilia, kama mtu anayekushikilia mlango upite. Fidla zikaisikia. Ngoma ikaisikia. Wakamfuata wote, mmoja mmoja, wakaingia ubeti wa tatu kana kwamba ndio uliopangwa tangu jana. Wanawake wakasimama kumtunza pesa!

Hamda aliteremka anang'ara. Akamwambia shangazi yake, nnamsikia kwa masikio yangu, kwamba Alhamdulillah hakukosea hata pahala pamoja.

Njiani nikamuuliza Suhail hakumwambia? Akashangaa. "Ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Mtu akosee na asijue."

Nimeiangalia mikono yake njia nzima. Sasa ndiyo nimeelewa ni mume gani nimepewa. Na sasa ndiyo nimeelewa pia kitu gani wale wageni hawakukisikia, kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri haisikiki!


Alhamisi, 8 Mei

Leo nimekasirika. Mara ya kwanza tangu niolewe. Naandika ipite.

Mudrik kaja. Nilidhani kaja kusalimia. Mtu mpole, mrefu, kavaa miwani, kala kaimati zangu zote huku akisifu. Halafu akatoa lililomleta. Bi Badria kamsimamishia wimbo mara mbili mazoezini. Anaacha kuimba tu, anakwenda kukaa, anaomba maji. Hasemi kosa ni nini. Mudrik hajalala. Akamwomba Suhail amwonyeshe.

Na Suhail kamwonyesha! Kamkalisha kwenye kinanda, kasimama nyuma yake, kawa anamwimbia mwenyewe kwa sauti ya kike mpaka Mudrik akacheka akashindwa kupiga. Kamwambia apunguze. Kamwambia mkono wa kulia autie mfukoni, apige kwa kushoto tu, asikilize. Laasiri mpaka adhana ya magharibi. Mimi jikoni masufuria yangu yalikuwa yakipiga muziki wao wenyewe.

Alipoondoka nikamwuliza Suhail, unamfundisha mtu namna ya kukaa kwenye kiti chako?

Akasema akimficha, atakayeumia ni Bi Badria. Akasema pia kwamba Mudrik hakumwibia mtu, aliitwa akaja.

Nnajua! Nnajua yote hayo. Nikamwambia lakini wewe je? Wewe nani anakushikilia mlango?

Kaja jikoni, kachukua ufagio, kafagia. Jikoni kwangu hakukuwa na taka.


Jumapili, 11 Mei

Tumepatana jana asubuhi. Nimekuta asumini zimetawanywa juu ya mto wangu, nyingi, na katikati yake karatasi ya duka la ami. Kaenda kuzinunua kwa ami yangu mwenyewe, kwa bei ya mgeni, ami hakumpunguzia! Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nimeomba kila swala arudishiwe kiti chake. Kila swala, bila ya kuruka. Mungu ni mwingi wa kutoa, mimi ndiye shahidi.


Jumatano, 14 Mei

Nimerudi dukani wiki hii, na leo kaingia Bi Badria. Peke yake, mwavuli mkononi, buibui linang'aa. Nikampa shikamoo, akaniitikia, marahaba mwari. Nikamletea kiti. Nikamtolea asumini bila ya kuulizwa, akanusa, akaweka chini. Hakujia mafuta.

Akaanza mbali. Akauliza nyumba ya Kikwajuni inavuja? Mama hajambo? Mume anakula? Nikajibu yote. Halafu akauegemeza mwavuli, akasema yeye hana ugomvi na Mudrik. Kijana mzuri, ana vidole, ana adabu. "Lakini yeye ananisubiri nimalize," akasema. "Suhail hanisubiri. Anakwenda na mimi. Mimi mtu mzima, Tahiya. Siku nyingine pumzi inakatika, siku nyingine maneno yananikimbia. Nikiwa na Suhail, hakuna ajuaye. Ulaya huko nikajiaibishe mbele za watu?"

Kwa hivyo kamwambia Khelef: bila ya Suhail haendi. Na wageni wanaitaka sauti yake kuliko kitu chochote, kwa hivyo Khelef hana la kufanya.

Moyo wangu uliruka! Nilitaka kumbusu. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Akanishika mkono.

"Mara ya kwanza mlimzuia, na mlikuwa na haki. Ndiyo maana sikwenda kwake. Nimekuja kwako. Wewe ndiye mwenye mume. Mimi mwombaji."

Bi Badria, ananiomba mimi! Nikasema haraka haraka, mimi nani wa kukataa, Bi Badria, nafasi ni yake. Akasema nisijibu sasa. Akanunua udi ambao hakuuhitaji, akaondoka.

Suhail nimemwambia alipofika tu. Kakaa chini. Kaniomba nimsimulie tena, tangu mwavuli. Jioni kapiga simu kwa Mudrik, si kwa Khelef, kwa Mudrik kwanza. Mudrik kamjibu kwamba kiti kile kina miiba, yeye kimemchoma mpaka homa, na kama Jumamosi za hoteli na harusi zitabaki kwake basi Suhail achukue Ulaya yote. Wakacheka. Lakini nilimwona Suhail baada ya simu kajifuta uso kwa kanzu.

Dua zangu! Nimesujudu sijda ya shukrani, nimekaa chini mpaka goti limekufa ganzi.


Ijumaa, 16 Mei

Naandika chumbani, mlango nimeurudisha. Wao wako ukumbini. Nimesema nnakwenda kuswali laasiri, na nimeswali kweli. Kisha nimechukua hili daftari badala ya kutoka.

Mama kaja na pilau baada ya Ijumaa. Tulikuwa bado tunakula Khelef akapiga simu. Suhail kaweka sauti juu, sote tukasikia. Kiti chake kimerudi. Tikiti moja, jina lake. Wanaondoka tarehe moja Juni, kabla ya Idi Kubwa, na watarudi Septemba ikiisha. Wageni wanataka majina leo. Khelef anataka jibu kabla ya magharibi.

Nilitegemea Suhail aseme ndiyo. Naapa, nilikuwa nishafungua mdomo kupiga kigelegele.

Lakini akamwambia Khelef atampigia. Akaweka simu juu ya meza, karibu na sahani ya kachumbari. Akanigeukia mbele ya Mama.

"Mara ile alisema Mama," akasema, "nikasikia. Mara hii sema wewe. Ukisema nibaki, nabaki, na sitokurudishia neno hilo maisha yangu yote."

Nnamjua. Kweli hatolirudisha. Ndiyo shida yenyewe.

Nikamwangalia Mama aniokoe. Mama kashughulika na mfupa. Akasema fungate aliyoisimamia yeye ilishakwisha, yaliyobaki yetu wenyewe.

Basi niko hapa. Hebu niwe mkweli, hapa hakuna asomaye. Tangu ndoa haijatimia mwezi. Idi yetu ya kwanza, nilikwishachagua kanga sare ya kwenda kuwapa watu mkono wa Idi pamoja naye. Miezi minne! Nani atafagia jiko lisilo na taka? Kila swala nilikuwa nnaomba arudishiwe kiti. Sikuomba aende. Nilidhani ni kitu kimoja hicho, na wala sikuwahi kuvitenganisha mpaka simu ile ilipokaa mezani.

Na Mungu kanipa hasa nilichoomba, hakupunguza, hakuzidisha. Nishukuru. Nnashukuru!

Pale juu ya ngazi nilinyamaza, wengine wakasema kwa niaba yangu, na ikawa tamu. Leo hakuna wa kusema. Nikisema baki, nitaishi na mwanamume anayesimama na kisu anatazama ukuta, akitabasamu kila nikiingia. Na nikisema nenda, lazima niseme vizuri. Nikisema kwa sauti inayotetemeka atabaki, ananisikia yule, anasikia pumzi kabla haijakatika. Itabidi niseme kama mtu asiye na wasiwasi. Sijui kama naweza. Sijawahi kumdanganya.

Nimeteremsha begi lake kutoka juu ya kabati. Nimelifuta vumbi. Nimetia shati jeupe, nimelitoa, nimelikunja upya kwa sababu kola ilikaa vibaya, nimelitia tena. Kisha sweta. Ana sweta moja tu, limetoboka kiwiko. Hili silo la Denmaki.

Nnawasikia huko nje. Mama anamuuliza baridi ya kule ikoje, na Suhail anajibu, kali, Mama, wanasema kali sana. Sasa Mama anasema marehemu baba yangu ana koti zito limo sandukuni, la enzi zake za melini, mabega yatamtosha, mikono huenda ikazidi. Sikumbuki siku ambayo Mama alikubali koti lile liguswe.

Shati la pili. Vishikizo vimekamilika. Jua limeshafika kwenye dirisha la jirani, magharibi si mbali.

Haya. Nijaribu hapa kwanza, kwa kalamu, isiyotetemeka: Nenda, Suhail. Nenda, mume wangu, nami nitakuwepo. Nenda.

Maandishi yamekaa sawa. Sauti sijui.

Kiti kimeburutwa. Hatua zake. Amesimama nje ya mlango, haufungui, ananiita jina langu taratibu.

Abee —